Lama Alivyoita Kwenye Ukungu

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wakipata Ijumaa yao wanatawanyika Doha nzima. Wa kanisani wanakwenda Mesaimeer, wa kutafuta sembe na dagaa wanakwenda Najma, na wasio na pa kwenda wanasimama kando ya bahari wakipiga picha mbele ya majengo marefu, ili watu wa nyumbani waamini kwamba wanaishi humo. Mimi nafunga mlango wa chumba changu nyuma ya jiko, nawasha kiyoyozi, najifunika blanketi kwa sababu ya kiyoyozi, na hapo nimeshafika. Nimekaa Muaither miaka mingi, lakini ukiniuliza njia ya kwenda popote nitakuelekeza kwenye friji.

Kwa hiyo kipupwe kile Mama alipotangaza kwamba likizo ya wajukuu ataimalizia kwenye hema, huko izbani, nilijaribu kuumwa. Mama ndiye mama mzazi wa mwenye nyumba. Sisi wafanyakazi wote tunamwita Mama, na mwanawe tunamwita Baba, ingawa huyo Baba mimi nimemzidi umri. Mama akanishika paji la uso, akasema joto langu ni la uvivu. Ikaamuliwa nitangulie na masufuria, nipange jiko, wao watafuata Ijumaa.

Izba ni shamba la mifugo, ila usifikirie migomba. Ni uwanja wa kokoto na vumbi uliozungushiwa wavu wa senyenge, wenye zizi, tangi la maji, kibanda cha bati cha mchungaji na kontena lililogeuzwa jiko. Unatoka Muaither unakwenda mpaka nyumba zinaisha, halafu nguzo za umeme zinaisha, halafu unaanza kujiuliza umemkosea nani. Dereva wetu, kijana wa Kisumu mwenye maneno mengi, alinishusha na vyombo vyangu, akaniambia, "Sister, ukisikia upweke ongea na yule mnyama mpya wa Baba, mko type moja," kisha akageuza gari akarudi mjini.

Mchungaji alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima wa makamo, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwa Mtanzania hapo nimeshamaliza kueleza, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukudai kuku wako, hata kukucheka msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya kwanza tulipokutana, alipoleta maziwa Muaither, aliniuliza kama Wazaramo wameshajifunza kufanya kazi au bado wanasubiri nazi zidondoke. Nikamuuliza kama anaogopa viatu au ndiyo kwanza anaviona. Tukawa ndugu.

Lakini safari hii hakuwa na utani mwingi. Majira ya joto mbwa wa mitaani, wale waliotupwa na wenyewe na kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, walikuwa wamegeuka kundi, na kundi lile lilivunja wavu likaua baadhi ya mbuzi wa Mama. Baba alikuja, akatazama mizoga, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na mnyama kwenye gari la kubebea farasi. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba huko ng'ambo wafugaji wanaweka lama katikati ya kondoo, na lama anafukuza mbwa na mbweha peke yake. Akamnunua kwa mtu anayefuga wanyama wa kuonyesha watoto. Alimwambia mtani wangu maneno machache tu: amemletea askari, kwa hiyo udhuru umekwisha, na siku mbuzi mwingine akifa kwa mbwa, mifugo yote inauzwa na yeye anapanda ndege kurudi kwao.

Mtani alinieleza haya huku anachambua majani makavu. Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Akirudi sasa, binti naye anarudi nyumbani kabla hajavaa ile sare.

Nikaenda kumwona askari mwenyewe.

Fikiria ngamia aliyefuliwa kwa maji ya moto akasinyaa, akapoteza nundu, akaota manyoya ya rangi ya chai ya maziwa na masikio yaliyopinda kama ndizi mbili. Alisimama mbali kidogo na mbuzi, shingo wima, hali, hatafuni, halali. Ng'ombe akikutazama, anakutazama wewe. Lama yule alitazama kitu kilichokuwa nyuma yangu kidogo, usawa wa bega la kushoto, na akaendelea kukitazama mpaka nikageuka. Hapakuwa na kitu. Nikarudi kumtazama yeye, na macho yake yalikuwa palepale. Halafu akaguna, mmmh, kama mtu anayesimuliwa habari ambayo haiamini lakini hataki kumkatiza msimuliaji.

Nilimuuliza mtani kwa nini hakuletwa na mwenzake. Akasema Baba ameambiwa awe mmoja tu. Wakiwa wawili wanapendana wao kwa wao na kuwasahau mbuzi. Akiwa peke yake, upweke unamfanya awaone mbuzi ndio jamaa zake.

"Ametolewa mbali, peke yake, ili awapende watoto wa wengine," alisema mtani.

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimebeba maziwa ya wajukuu wa Mama mkono mmoja. Tukacheka, lakini si sana.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikadhani nimepofuka. Wageni wa Doha hawaamini kwamba kipupwe hapa kina ukungu, na mimi mtu wa ndani nilikuwa nimeusikia tu kwenye taarifa ya hali ya hewa. Nilifungua mlango wa kontena baada ya sala ya alfajiri na nje hapakuwa na nje. Palikuwa na weupe tu, uliolowa, usiosogea. Kibanda cha mtani hakikuwepo. Zizi halikuwepo. Nilisikia kikohozi, kisha mtani akatokea mlangoni kwa vipande, kwanza kikombe, kisha mkono, kisha yeye.

Nilikuwa nammiminia chai ilipokuja ile sauti.

Ilianza kama mlango wa chuma unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Ikapanda, ikakatikakatika, ikawa kama kicheko cha mwanamke anayecheka huku anakabwa koo. Na mimi, mtoto wa kike niliyelelewa na bibi, niliyefunzwa kwamba mkubwa akiita huulizi, unaitika, nikajikuta nimeshaitika.

"Abee!"

Mtani akaweka kikombe chini. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika polepole namna ile.

"Umeitika," akasema.

Nikamwambia ni mazoea tu. Akaniuliza nimeitwa mara ngapi. Nilijua anachotaka kusema. Kisarawe tunafundishwa hivyo na Tabora wanafundishwa hivyo: ukiwa ndani ukasikia unaitwa na sauti usiyoijua, na anayeita huoni, unanyamaza. Unangoja. Mtu ataita mara tatu. Kisicho mtu hakifiki ya tatu. Tukakaa tumeshikilia pumzi. Sauti ikaita mara ya pili, ndefu zaidi, ikivunjika mwishoni kama inasihi. Tukaingoja ya tatu.

Haikuja.

Mtani akafunga mlango, akasukumia gunia la mchele, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mimi nikatafuta udi, na kwa kuwa sikuwa na udi nikachoma karafuu za pilau kwenye kikaango. Kontena zima likanukia harusi. Nje tulisikia kwato zikikimbia, kitu kizito kikigonga senyenge, kisha kitu kama mkoromo. Hatukufungua. Nilikuwa nimeshaitika na sikutaka kinijue na sura.

Ukungu ulipoinuka tukatoka. Mbuzi wote walikuwa wamejibana kona moja kama nguo kwenye beseni. Mbele yao alisimama lama, manyoya ya kifuani yamenyofoka, mate ya kijani yametapakaa ardhini. Alama za miguu ya mbwa zilikuwa kila mahali. Mbuzi mmoja alikuwa amechanwa paja. Na lama alitutazama, safari hii sisi wenyewe, si mabega yetu.

Dereva alifika na mboga, akakuta mtani ameinama anaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Akaelezwa. Akatoa simu, akatafutatafuta, akaigeuza kwetu. Kwenye simu lama wa ng'ambo huko alinyoosha shingo, akafungua mdomo, na ile sauti ikatoka, ileile, kicheko cha mtu anayekabwa. Ndivyo wanavyoita wakiona mbwa.

"Aki nyinyi watu," dereva akasema. "Askari anapiga alarm, nyinyi mnafunga mlango mnaomba?"

"Hakuita mara ya tatu," mtani akajibu, kwa sauti ya mtu anayejitetea mahakamani.

"Ya tatu alikuwa bize anapigana."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kwa adabu. Mtani hakucheka. Alikuwa amemshika mbuzi yule kwa mikono miwili, anasikiliza pumzi zake. Jeraha ni la mbwa, aliniambia baadaye. Akifa, amekufa kwa mbwa, na Baba hataangalia amekufa siku gani. Tulimfunika kwa kanga yangu ya pili kwa ubora. Dereva aliponiuliza kama nataka anirudishe Muaither, kila mfupa wangu ulisema ndiyo. Nikamwambia siwezi, nimeshakanda unga. Siku nzima yule lama hakuondoka kando ya yule mgonjwa aliyevaa kanga.

Alhamisi ukungu ulirudi, mzito zaidi. Hatukuwa tumepanga kitu, lakini nilimkuta mtani ameshakaa jikoni na fimbo magotini, viatu mguuni, hanywi chai. Sauti ilipokuja, alisimama na akabaki amesimama. Alijua ni lama, tulikuwa tumeonyeshwa kwenye simu mchana kweupe, na bado mwili wake ulikuwa unangoja ya tatu. Nikachukua sufuria kubwa na mwiko, nikamwambia, "Twende, mtani. Mimi tayari wananijua."

Nilitoka mimi kwanza. Naliandika hili kwa mshangao kuliko kwa majivuno.

Sikuona miguu yangu. Nilishika senyenge kwa mkono mmoja nikaifuata kama kamba ya kisima, mtani nyuma yangu, na baridi iliingia mpaka kwenye meno. Nilitegemea mbwa wabweke. Hawakubweka. Tulipofika usawa wa zizi niliwaona, vivuli vilivyokaa, vimekaa kabisa, kama watu wanaongoja zamu hospitalini. Lama alikuwa anawaendea, hakimbii, anatembea, shingo juu na masikio yamelala nyuma. Mmoja akamrukia. Lama akatema, akainua miguu ya mbele, akashuka nayo. Hapo nikapiga sufuria. Nilipiga kama nimefiwa. Mtani akapiga kelele ya kwao ya kufukuzia fisi, na wale mbwa, siwezi kusema walikimbia, maana sikuwaona wakikimbia. Walikuwepo, halafu ukawa ukungu tu.

Lama akazunguka akaja nyuma yetu. Akanisukuma kwa kifua, taratibu, mgongoni, nikasogea. Akamsukuma mtani, akasogea. Mpaka tukawa tumesimama katikati ya mbuzi. Akarudi nje ya duara, akashika lindo. Nilijikuta nimeshapangwa. Miaka yote niliyojisomesha mpaka kidato cha nne, mnyama akanitazama mara moja na kujua niwekwe wapi.

Mtani alianza kuwapitia mbuzi, mmoja mmoja, anawashika taya. Mgonjwa wa kanga alikuwepo, amesimama. Kisha akarudia tena kuwapitia, haraka zaidi, na nikajua. Hakuwepo yule wa sikio jeupe, kipenzi cha Mama, anayekula tende mkononi mwake. Chini ya senyenge palikuwa na shimo jipya na manyoya yamenasa.

Ndipo sauti ikaita.

Ilitoka nje. Mbele, mbali, ng'ambo ya wavu, ambako hakuna kitu mpaka barabara kuu. Mlango wa chuma, kisha kicheko kilichokabwa. Niligeuka kumtazama lama. Alikuwa karibu nami kiasi cha kupumulia shingo yangu, na mdomo wake umefumba. Masikio yake yalikuwa mbele, yameelekezwa huko. Hakupiga kelele yoyote. Aliguna tu, mmmh.

Ikaita mara ya pili. Nilimshika mtani mkono wa shati.

Ikaita mara ya tatu.

"Tatu," mtani akasema. Sikuweza kujua kama ameridhika au amekata tamaa. Nikamwambia asiende. Nikamwambia tutamweleza Baba, tutamwonyesha shimo, mimi mwenyewe nitasema na Mama. Akaitoa mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu amebakiza mtihani mmoja, mtani," akasema. Halafu akageukia ule weupe, akaitika kwa sauti yake yote, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Naam!"

Akapita getini, nikamwona mgongo, kisha nusu ya mgongo, kisha sikumwona.

Nilibaki nimeingiza vidole kwenye manyoya ya lama. Yalikuwa ya moto ndani, juu yamelowa. Sijui nilisimama muda gani. Mguu mmoja ulikufa ganzi, nikabadilisha, na wa pili nao ukafa. Kilichonitisha si kimya. Kilichonitisha ni kwamba lama hakuwa anatazama alikopita mtani. Alitazama pembeni yake kidogo, na shingo yake iligeuka polepole sana, kushoto kwenda kulia, kama anafuatilia mtu anayetembea akiuzunguka wavu wetu bila haraka.

Mtani alirudi ukungu ukiwa umeanza kupasuka. Mbuzi alikuwa mabegani mwake, miguu minne imeshikwa kifuani, hai, analia. Sisi Wazaramo tunawatania Wanyamwezi kwa mizigo, kwamba hata wakienda harusini wanaomba cha kubeba, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nilipoona uso wake nikalimeza.

Mbuzi hakuwa na jeraha hata moja. Nilimuuliza amemkuta wapi. Akasema mbali, kwenye uwazi, amesimama. Nikauliza mbwa. Akasema hapakuwa na mbwa.

"Alikuwa amesimama tu," akasema. "Kama mtu amemshikia."

Nikamuuliza nani alikuwa anaita. Akaniomba chai, nikampa, akainywa yote bila kuipuliza.

Baadaye dereva alisema ni mwangwi, ukungu unarudisha sauti. Mwangwi mimi nimeusoma kwenye fizikia, na nakumbuka unahitaji ukuta. Tena lazima uakisi sauti ya aliyefungua mdomo, na lama wetu alikuwa ameufumba. Basi jirani, akasema, ana lama wake. Baba alipoulizwa kijuujuu alisema kwa fahari kwamba pande zile lama ni wake peke yake.

Baba alikuja Ijumaa na Mama na wajukuu wote. Mama alimwita wa sikio jeupe, akaja, akala tende. Baba akalizunguka zizi, akaona shimo lililozibwa kwa mawe, akaona paja linalopona, akawaona mbuzi wako hai wote. Akampiga mtani begani, akamwambia atabaki, ila amshukuru askari. Kisha akamsogelea askari mwenyewe kupiga naye picha, na askari akamtemea kijani kwenye kanzu nyeupe iliyotoka kupigwa pasi. Wajukuu walicheka mpaka wakalia. Mtani alitabasamu, na ndiyo mara ya pekee siku ile. Binti yake alifanya mtihani wake. Picha ya sare nyeupe ilikuja miezi baadaye, na aliionyesha kila mtu.

Ijumaa ileile mtani alikuwa na ombi moja kwa Baba. Aliomba ahamishe kitanda, akitoe kwenye kibanda, akiweke zizini. Baba akadhani ni bidii ya kazi, akakubali mara moja.

Nilimpelekea blanketi jioni hiyo, jua likiwa bado linaonekana. Alikuwa ameshatandika katikati ya mbuzi, mgonjwa wa kanga upande huu na wa sikio jeupe upande ule, na lama amesimama usawa wa kichwa chake, anatazama ng'ambo ya wavu. Nilitafuta neno la kumtania, la mtu mzima kulala na mbuzi, na yalikuwepo mengi. Mtani alisogea, akanipa nafasi ukingoni mwa kitanda. Nyuma yangu jikoni taa ilikuwa inawaka, mlango uko wazi, na joto la tanuri lilikuwa linanifikia mpaka pale.

Nikakaa.